Wadau nisaidieni: kwa nini vijana wa kiume wanaacha shule huku kusini (Mtwara na Lindi)?

Msomi_Mchovu
Habari za humu wadau. Naomba msaada kabla sijarudisha proposo kwa supavaiza. Nasoma masters ya elimu, utafiti nataka kuufanya Newala na Masasi, kuhusu watoto wa kiume wanaoacha shule hasa kidato cha kwanza mpaka cha tatu. Nimechagua hii kwa sababu kila andiko ninalofungua ni mtoto wa kike, mimba, ndoa za utotoni, na ni kweli hayo yapo, ila ukipita kijiweni saa nne asubuhi waliokaa pale ni wavulana tena wa umri wa darasani kabisa. UNESCO nao 2022 walitoa ripoti wakasema watoto wa kiume milioni 132 duniani hawako shuleni, msingi na sekondari, nikasema basi hapa pana kitu.

Sasa shida iko hivi, takwimu zetu zinataja sababu za kuacha shule na inayoongoza siku zote ni utoro. Supavaiza kaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, "mtoro katoroka nini?" nikakwama hapohapo. Ada ilifutwa tangu 2016, kama siyo ada ni nini? Nilikuwa nimepanga kugawa dodoso kwa walimu na wanafunzi basi. Walimu, wazazi, hata nyie mlioacha, niambieni nianzie wapi. Matusi sitaki, asanteni.

Kaka_Mikeka
Bangi, kubeti, simu. Andika hizo tatu ukakabidhi, masters imeisha hiyo 😂

Mwl_Chaki
Kaka Mikeka tulia kwanza. Dada, mimi nafundisha sekondari ya kata hukohuko kusini na hizo fomu zinazotoa takwimu sisi ndo tunazijaza, kwa hiyo nikwambie zinavyojazwa. Mtoto haonekani muda mrefu, mzazi kaitwa hajaja, mtendaji wa kijiji kapewa jina, kimya, sasa fomu inataka sababu na pale kuna kifo, mimba, ugonjwa, kukosa mahitaji, utoro. Kama hajafa na siyo mimba, ni mtoro. Aliyeenda kubeba mizigo Mtwara mjini mtoro, aliyekimbia viboko mtoro, aliyehamia kwa mjomba wake Tunduru bila uhamisho naye mtoro. Usianzie kwenye ile fomu, anzia kwenye daftari la mahudhurio la kila siku.

Chukua la kidato cha pili la mwaka mzima ukae nalo. Utaona mvulana haachi shule siku moja. Januari mpaka Aprili yupo. Mei na Juni watu wanaanza kupulizia mikorosho, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukishaingia shambani mwenye shamba hataki kusikia habari ya shule, anataka kijana mwenye mgongo wa kubeba blowa, ile mashine ya kupulizia dawa, hapo unaanza kuona siku mbili tatu kwa wiki hayupo. Likizo inapita anarudi Julai kachoka, kapitwa, hesabu haelewi tena, anakuja siku anazojisikia. Oktoba korosho zinaanguka, na Oktoba kwenda Novemba ndo mitihani ya kidato cha pili na cha nne, kana kwamba waliopanga ratiba hawajawahi kuuona mkorosho! Mtihani wa kidato cha pili ukiukosa hupandi cha tatu, na kijana wa miaka kumi na sita kukaa tena dawati moja na wadogo zake wengi hawakubali. Januari unaita jina, hakuna mtu. Ndo tunaandika utoro.

Kuna kijana alikuwa anakuja na sare kamili, mifuko ya suruali imetuna, ukimpapasa ni korosho ghafi kaziokota njiani kwenye mashamba ya watu. Anapita kwa wale jamaa wa kangomba, wanunuzi wa magendo wanaopima kwa kopo, anazimwaga pale, anapata buku, saa sita mchana humwoni tena. Kangomba ni marufuku na kila msimu inatangazwa kwa kipaza sauti, ila kopo lipo palepale.

Msomi_Mchovu
Mwalimu Mungu akubariki, habari ya blowa na ratiba ya mitihani sijaisoma popote. Humu hakuna aliyeacha mwenyewe akanipa upande wake?

Deiwaka_wa_Stendi
Nipo hapa. Niliachia fom tu (kidato cha pili), shule ya kata, Lindi vijijini, jina la shule tuliache. Watu wanadhani tulikimbilia hela, hela ilikuja baadae. Mimi primary nilikuwa nafaulu vizuri tu, kila kitu Kiswahili, nafika fom wani mwalimu anaingia na kiingereza, bailojia kiingereza, jografia kiingereza, mpaka uraia wa nchi yangu kiingereza, nusu mwaka nzima nipo tu nanakili ubaoni sijui naandika nini. Ukiuliza kwa Kiswahili unafokewa, ukijaribu kiingereza ukakosea darasa zima linakucheka, basi unakaa kimya nyuma.

Halafu umbali. Kwetu mpaka shule ni masaa mawili kwa mguu, mshua akanipangia geto na wenzangu wawili jirani na shule, chumba cha udongo, godoro moja, debe la unga kwa mwezi na dagaa. Wasichana walijengewa bweni na lilikuwa linatakiwa sikatai, ila sisi tulikuwa na miaka kumi na nne tunaishi wenyewe hakuna mtu mzima hata wa kutuuliza umekula. Unga unaisha tarehe ishirini, unafanyaje? Unaenda stendi kuosha pikipiki za watu. Ukiosha wiki mbili tatu jamaa anakuzoea, anakuambia ebu zungusha nikapumzike, ushakuwa deiwaka hivyo, yaani unaendesha boda ya mtu kwa zamu. Inaanza jioni, inakuja jumamosi, inakuja jumatatu. Hesabu ya bosi unampelekea elfu saba yake inayobaki ya kwako. Siku ya kwanza nilirudi geto na nyama robo na mafuta ya kupima, wenzangu walinipokea kama mbunge.

Na viboko jamani. Sheria inasema visizidi vinne na achape mkuu wa shule au aliyempa ruhusa kwa maandishi, hiyo nimekuja kuijua nimeshaacha. Sisi ukichelewa unachapwa getini, ukikosa jana unachapwa ya jana, ukikosa siku tatu una deni la siku tatu linakusubiri, ya nne unapiga hesabu unaona bora upitilize stendi.

Kaka_Mikeka
Ila kubeti ulikuwa unabeti

Deiwaka_wa_Stendi
Nabeti mpaka leo mkuu. Fom tu nilikuwa sina hata hela ya mkeka

MamaTatu
Mada nzuri ila kuna kitu kinanikera kila ikiletwa, lazima atokee mtu aseme mtoto wa kike kapendelewa mno ndo maana wa kiume kaachwa. Binti akipata mimba mpaka Novemba 2021 alikuwa haruhusiwi kurudi kwenye shule ya serikali, huo ndo upendeleo? Bweni anajengewa kwa sababu njiani kuna watu wanamvizia. Deiwaka umeliongea vizuri mwanangu, siyo wewe ninayekusema.

Mimi nina wa kiume watatu na nikwambie mtafiti, binti asipoenda shule siku mbili shangazi ameuliza, jirani ameuliza, mwalimu wa malezi amepiga simu. Wa kiume akikaa wiki nzima nyumbani baba yake anasema kakua huyo aache ajitafutie. Na akileta kilo ya sukari jioni hakuna anayemuuliza ametoa wapi, hata sisi mama zao hatuulizi, tunapokea.

Halafu kwenye mimba kuna mvulana pia mnamsahau. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Sasa kijana wa kidato cha tatu akisikia mwenzake wa darasani kapimwa, awe yeye au siyo yeye, usiku huohuo kapanda basi la Dar. Binti kwenye fomu anaandikwa mimba, kijana anaandikwa utoro. Mwalimu Chaki unisahihishe kama naongopa.

Mwl_Chaki
Sina cha kusahihisha mama, ndo ilivyo.

Mmeru_254
Hujambo kutoka Igembe, Meru, hapa Kenya. Mahali mmeandika korosho wekeni miraa na hiyo ni story yetu, tofauti miraa haina likizo, huchunwa mwaka mzima. Mti unataka kijana mwepesi apande bila kuvunja matawi, na analipwa jioni hiyohiyo. Mwaka wa 2018 serikali ilisema kila mtoto akimaliza darasa la nane lazima aingie form one, machifu wakazunguka boma kwa boma na wengi waliingia kweli. Lakini kuingia ni kitu moja na kubaki ni ingine, chifu hawezi kukuletea huyo kijana kila Jumatatu.

Kitu ningeomba mtu afuatilie ni hii. Uingereza ilipiga miraa marufuku 2014, halafu Somalia wakafunga soko 2020 wakaja kufungua 2022. Bei ilipoanguka vijana walirudi darasani ama waliingia boda? Mimi niko na jibu langu, boda, lakini hayo ni macho yangu tu si utafiti.

Msomi_Mchovu
Asante sana ndugu yangu wa Meru. Mama Tatu hiyo ya miaka 30 nimeiandika pembeni. Swali lingine, supavaiza anataka niweke jando kama kisababishi kikubwa, wenyeji mnasemaje?

Babu_wa_Nanyamba
Mjukuu, jando msilibebeshe kila mzigo. Siku hizi viongozi wanahimiza watoto wapelekwe wakati wa likizo, Juni au Desemba, na wazazi wengi wanafuata. Siku za kumbini zenyewe hazimpotezei mtoto masomo. Ugomvi uko akitoka. Kule kaambiwa wewe sasa mwanaume, chumbani kwa mama yako huingii, hutumwi hovyo. Jumatatu anafika shule, mwalimu kijana tena wa kike anamwambia piga magoti mbele ya wasichana. Zamani akitoka jandoni alikuwa anapewa shamba, anapewa kazi ya kiume aonekane. Sasa anapewa kaptula ileile aliyokuwa nayo akiwa mtoto. Wapo wanaovumilia wakasoma mpaka chuo, wajukuu zangu wawili ni hivyo, lakini wana baba anayekwenda shuleni kuwaulizia.

Msomi_Mchovu
Shikamoo babu, na asante.

Babu_wa_Nanyamba
Marahaba.

Mstaafu_wa_Chuo
Babu kanikumbusha Lesotho, na bibie ungeisoma Lesotho kabla ya Ulaya. Kule ni miaka mingi wasichana ndio wengi sekondari. Baba zao walikuwa wanakwenda kuchimba migodini Afrika Kusini, ng'ombe na kondoo wakabaki mikononi mwa wavulana, wanaishi nao milimani kwenye vibanda vya wachungaji miezi na miezi. Na wao wana jando lao, lebollo, kijana akitoka huko kurudi kukaa na watoto darasani ni kazi kama alivyosema babu. Ada ya msingi walianza kuiondoa mwaka 2000, sheria ya 2010 ikafanya elimu ya msingi kuwa bure na lazima, na wachungaji bado wapo. Kwa hiyo swali lako kwamba kama siyo ada ni nini, Wasotho wamelijibu mapema. Siku ya mvulana ina bei, na kufuta ada hakuishushi hiyo bei.

Sasa kwenye proposo yako. Dodoso la shuleni liache au liwe dogo sana, maana unayemtafuta hayupo shuleni, utawauliza waliobaki wakueleze walioondoka. Chukua daftari la kidato cha kwanza la miaka kadhaa nyuma, andika majina yote ya wavulana, kisha mtafute mmoja mmoja, stendi, Mtwara, machimboni, popote. Waliokaa geto moja mmoja akaacha mwingine akamaliza, hao ni dhahabu. Ukimpata usimuulize kwa nini uliacha, utapewa "maisha magumu" ufunge daftari. Muulize wiki ya mwisho aliyokwenda ilikuwaje, aliamka wapi, alikula nini, nani alimsemesha. Na mama yake umuulize peke yake.

Hoja ya ndugu wa Meru unaweza kuipima kwa korosho. Msimu wa 2017/18 minadani bei ilifika 4,000 kwa kilo, msimu uliofuata mambo yakaharibika mpaka serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likasomba, na wakulima wengi walikaa muda mrefu kabla ya kulipwa. Hesabu siku za kukosa shule za wavulana na za wasichana kwa misimu hiyo miwili, kwenye shule iliyozungukwa na mikorosho na nyingine isiyo nayo sana. Kama wavulana walikosa zaidi bei ilipopanda, Mwalimu Chaki ana hoja. Kama wamekosa vilevile hata korosho zilipokuwa hazina hela basi mzigo uko kwa Deiwaka, kiingereza, njaa ya geto na fimbo ya getini. Mimi nadhani utakuta vyote, ila kwa vijana tofauti, na wewe ndiye utakayetuambia ni wepi kwa wepi.

Vibali uanze sasa hivi. Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha afisa elimu kata na mtendaji wa kijiji. Wa chini ya miaka 18 utatakiwa ridhaa ya mzazi, na wale wanaoishi wenyewe kamati ya maadili itakuhoji sana, kwa hiyo jiandae na jibu.

Msomi_Mchovu
Prof (naona wewe ni prof tu) nimechapisha yote haya. Swali la mwisho, hayo madaftari ya 2017 na 2018 shule zinatunza kweli?

Mwl_Chaki
Zinatunza kwa maana ya kwamba hayajachomwa. Yako stoo chini ya majembe na mipira iliyopasuka, mengine yameliwa na mchwa kona moja. Njoo na barakoa na kijana wa kukusaidia kubeba. Na uje Februari au Machi, ukija Oktoba hata sisi walimu hutatukuta ofisini, tuna mikorosho yetu.

Deiwaka_wa_Stendi
Akifika Masasi anicheki inbox, wale niliokaa nao geto mmoja alimaliza yuko VETA sasa hivi, mwingine yuko machimboni Mererani sijamsikia siku nyingi ila namba ya dada yake ninayo. Nauli ya kuzunguka ni ya kwako dada, hesabu ya bosi inabaki palepale