Naomba ushauri: mandazi kwenye meza ya keki ya kijiji

Habari zenu wadau, wakubwa shikamoo. Niko kijiji kimoja Shropshire, Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mwaka wa pili huu. Watu wa huku njiani wanakusalimia vizuri tu ila mtu kukukaribisha ndani kwake, weee, sahau. Sasa mama jirani yangu, yuko Women's Institute, chama cha akina mama cha huku, kaniomba nipeleke kitu kwenye meza ya keki Jumamosi, kuna fete, ile sherehe yao ya kiangazi, tombola (bahati nasibu ya tiketi), chai, mashindano ya mboga, hela inaenda kutengeneza paa la kanisa.

Nimefikiria mandazi ya nazi na iliki. Nilimuonjesha huyo mama akala matatu, ila yakilala yanakuwa jiwe, na pale ukumbini hamna pa kukaangia. Nimejaribu kuyafunika na taulo, wapi.

Mliowahi kufanya, nikaange usiku au alfajiri, na yanabakije laini mpaka saa nane mchana? Halafu kile kikaratasi cha kutaja vitu vinavyoleta aleji, ngano, maziwa, mayai na wenzake mpaka 14, hata kwenye fete mnaandikaga? Na nikishakabidhi niondoke au nibaki kuosha vikombe?