Naomba ushauri: bafa ndogo sauti inakatika, kubwa mwimbaji anachelewa

Habari zenu wakuu. Narekodi kwaya yetu kwa laptop ya i5, RAM GB 8, na kadi ya sauti ya USB yenye draiva yake ya ASIO (aina ya draiva ya Windows inayopunguza ucheleweshaji wa sauti). Bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata) ikiwa sampuli 128 kwa 48 kHz, nikifika treki ya kumi hivi sauti inakwaruza na kukatika. Nikipandisha hadi 1024 inatulia, lakini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa, anavua hedifoni upande mmoja na kupoteza mapigo. Inaniuma, maana sauti anayo kweli.

Nimezima Wi-Fi na kuweka umeme kwenye utendaji wa juu, bado.

Je, nigandishe treki zilizokwisha rekodiwa (freeze, yaani zihifadhiwe pamoja na efekti zake ili prosesa isizichakate upya), au niondoe rivabu (efekti za mwangwi) zote kwanza? Na RAM ya GB 16 itasaidia, au mzigo ni wa prosesa?

Natanguliza shukrani.