Meze peke yangu Athens: niagize sahani ngapi?

Swali: Wakuu, nikiwa peke yangu kwenye mgahawa wa meze (sahani ndogo ndogo za Kigiriki, kwa kawaida za kushirikiana), sahani ngapi zinatosha bila kubakiza?

Jibu 1: Mbili tu. Moja baridi, mfano tzatziki (mtindi mzito, tango, kitunguu saumu), na moja ya moto, pweza wa kuchoma kwa mfano. Uliza "misi merida", yaani nusu sahani, ingawa si kila jiko linakubali. Angalia mkate: huletwa bila kuuagiza, na mara nyingi umo kwenye bili. Ukiushambulia mapema, pweza atakushinda.

Jibu 2: Nyongeza: usiagize zote kwa mpigo. Zitakuja pamoja, na kalamari (ngisi) ikipoa inakuwa mpira. Samaki mzima huuzwa kwa kilo, kwa hiyo apimwe mbele yako, utajiwe bei kabla hajaenda motoni. Alama "κατ." kwenye menyu maana yake amegandishwa.

Jibu 3: Nenda saa 1 jioni, meza zipo, wenyeji huanza kujaa saa 3 usiku. Na ouzo (pombe kali ya Kigiriki yenye kiungo cha anisi), chupa ya ml 200 ni nyingi mno kwa mtu mmoja, omba glasi. Tia maji kwanza, barafu baadaye. Ukianza na barafu, mafuta ya anisi huganda vipande vipande juu.