Nimeuliza nani analipia ziara ya Mheshimiwa, nikaletewa soda

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika uzi huu kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kutafuta maneno ya adabu ambayo mtu huyu hastahili. Sitamtaja jina, kwa kuwa wote mnamjua. Ni yuleyule ambaye kwa muda sasa anaizunguka kanda nzima, kila siku jukwaa jipya, na ambaye king'ora chake kikisikika hata mbuzi wa barabarani wanapisha bila kufukuzwa. Leo ilikuwa zamu ya mji wetu, na msafara wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la kwanza lilikwishaegeshwa uwanjani wakati la mwisho lilikuwa bado linaagana na wenyeji wa wilaya ya jirani.

Alipomaliza kuhutubia, mshereheshaji alitangaza kwamba wananchi wachache wataruhusiwa kuuliza maswali. Nilinyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti, nikamwamkia kwa heshima zote ingawa kwa umri yeye ndiye aliyepaswa kuniamkia mimi, kisha nikauliza: "Mheshimiwa, tunaomba kufahamu ziara hii inalipiwa na nani. Ni Serikali, ni chama, au ni wewe mwenyewe?" Alinitazama, akacheka, akamgeukia msaidizi wake na kusema, kipaza sauti kikiwa mdomoni na uwanja mzima ukisikia: "Mpeni huyo mzee soda, njaa inamsumbua."

Na soda ikaletwa. Kijana aliyevaa fulana yenye picha ya Mheshimiwa alipita katikati ya watu akiwa ameinyanyua chupa juu ili hata waliokuwa wamepanda miti waione, akaniwekea mkononi, na kwa mkono wake wa pili akaninyang'anya kipaza sauti. Watu wakacheka. Majirani zangu walicheka, na mtu niliyemwozesha binti yangu alicheka. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nimelipa kodi ya nchi hii tangu wengi wa wale waliokuwa jukwaani hawajazaliwa, na jibu la swali langu lilikuwa soda.

Sikuuliza kwa njaa. Niliuliza kwa sababu asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya barabara msafara ulipoingia, na macho yangu bado yanasoma vizuri. Nilisoma namba za STK, yaani magari ya Serikali, nikasoma za SU, yaani magari ya mashirika ya umma, na nikaona gari lenye namba za DFP, yaani gari la mradi wa wafadhili, ambalo halina kazi yoyote katika mkutano wa hadhara wa mwanasiasa. Magari mengine yalikuwa yamefunikwa namba kwa bendera za chama. Moja lilikuwa limefungwa khanga mpya kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, na lilipopunguza mwendo kwenye tuta, mpira mmoja ukafyatuka, pindo la khanga likainuka, na chini yake zikaonekana herufi SM. Ni gari la halmashauri, ndugu zangu, halmashauri ileile inayotuambia kila mara kwamba gari la wagonjwa limeegeshwa kwa kukosa mafuta. Kama lilikuwa katika safari halali, kwa nini lifichwe namba?

Ndiyo maana niliuliza, na nilikuwa na haki ya kuuliza. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ibara ya 27 haiishii kwenye haki, bali inaniwekea wajibu wa kulinda mali ya pamoja na kupiga vita ubadhirifu. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka taasisi husika imjibu mwananchi ndani ya siku 30. Nilikuwa tayari kusubiri siku hizo zote 30. Nilijibiwa papo hapo, tena kwa soda.

Wapo watakaoniambia kwamba chama ndicho kilicholipa, kwa hiyo hayanihusu. Yananihusu. Vyama vinavyostahili hupokea ruzuku kutoka Hazina, na hesabu zao zinatakiwa kukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na tunakumbuka jinsi mwaka 2013 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, ilivyoeleza kwamba vyama tisa vilikuwa vimepokea zaidi ya shilingi bilioni 67 bila hesabu hizo kukaguliwa kama sheria ilivyotaka. Na kama ni marafiki ndio waliochanga, basi tuambiwe ni marafiki gani na wanatarajia kurudishiwa nini. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inawabana wagombea kutaja fedha zao na zilikotoka wakati wa uchaguzi, lakini huyu anazunguka sasa, kampeni zikiwa mbali, na hakuna karatasi yoyote ambayo mimi mpiga kura ninaweza kuisoma.

Mimi si adui wa mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa. Iliporuhusiwa tena tarehe 3 Januari 2023, baada ya kuzuiwa tangu 2016, nilifurahi kwa dhati, kwa kuwa niliamini kwamba mwanasiasa akisimama mbele yetu ataulizwa na atajibu. Tena swali la gharama za safari si geni katika nchi hii. Tarehe 20 Novemba 2015, akilihutubia Bunge Dodoma, Rais John Magufuli alisema kwamba safari za nje pekee zilikuwa zimekula shilingi bilioni 356.3 kwa mwaka 2013/14 na 2014/15, akachanganua ni kiasi gani kilikwenda kwenye tiketi, kiasi gani kwenye mafunzo na kiasi gani kwenye posho, kisha akasema fedha hizo zingetosha kujenga kilomita 400 za barabara ya lami. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu Magufuli, lakini siku ile hesabu zilisomwa hadharani, na hakuna mbunge aliyeletewa chupa ya kunyamazishwa. Mimi nimeuliza kuhusu ziara moja tu, katika mji mmoja, nikaambiwa nina njaa.

"Mpeni huyo mzee soda." Nimeyarudia maneno hayo njia nzima kurudi nyumbani, na kila nikiyarudia yanakuwa machungu zaidi. Ninauliza tena hapa, ambapo hakuna mtu wa kuninyang'anya kipaza sauti: nani alilipia jukwaa, muziki, fulana, malori yaliyoleta watu, mafuta ya magari yale yote, na hiyo soda yenyewe?

Kibaraza cha Magharibi:
Shikamoo mzee. Kabla hatujafika kwenye Katiba, tunaomba kujua kama soda hiyo uliinywa.

Mleta uzi:
Marahaba. Sikuinywa. Ipo mezani, haijafunguliwa, na sitaifungua mpaka nijibiwe.

Nahodha Mstaafu:
Mzee wangu, ikiwa soda hiyo ilinunuliwa kwa fedha za umma, basi Ibara ya 27 uliyoitaja mwenyewe inakutaka uitunze vizuri. Iweke mahali penye baridi na usiwaache wajukuu waikaribie.

Mpenda Maendeleo:
Huyu ni kiongozi wa kitaifa. Mlitaka aje kwa baiskeli? Mji wenu haujatembelewa na mkubwa yeyote kwa muda mrefu, umetembelewa leo, na badala ya kuomba maji na barabara mnamuuliza bei ya mafuta.

Mleta uzi:
Sikumuuliza bei. Nilimuuliza nani analipa. Akija kwa baiskeli ya halmashauri nitamuuliza vilevile.

Hati ya Malipo:
Mimi ni mhasibu katika halmashauri ambayo sitaitaja, na ninaomba nimsaidie mzee, kwa sababu anatafuta mahali ambapo hatapata kitu. Ukifungua vitabu vyetu hutakuta popote ziara ya Mheshimiwa. Utakuta dereva aliyelipwa posho ya kujikimu, afisa wa itifaki aliyelipwa posho ya kujikimu, afisa utamaduni aliyekwenda na kikundi cha ngoma, na kila mmoja ana dokezo lake linalosema alikwenda kufuatilia miradi. Mafuta yanaombwa na idara tatu tofauti, kila moja kidogo kidogo. Mkaguzi akija anakuta hati nyingi ndogo zilizosainiwa vizuri, na yeye hakuwepo barabarani kuona khanga ikiinuka. Ziara ya namna hiyo inalipwa na watu wote bila kuandikwa kwa jina la mtu yeyote.

Mwalimu wa Zamu:
Ahsante, mhasibu, lakini umewasahau walimu. Wanafunzi wetu walipangwa barabarani tangu asubuhi kupunga mikono, mtihani wa majaribio ukaahirishwa, na msafara ulipopita vioo vilikuwa vimefungwa vyote. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumekwishaombwa mchango wa mapokezi, na karatasi ilipitishwa ofisini ikiwa na majina yetu tayari, ikisubiri kiasi na saini tu. Nani angethubutu kuandika sifuri?

Mwana wa Nyanda za Juu:
Mwalimu, mchango wa mapokezi ni mdogo. Njooni kwetu mwone mchango wa Mwenge. Huo una risiti wakati mwingine, na wakati mwingine una mtendaji wa kijiji anayesimama mlangoni kwako mpaka utoe kuku.

Nahodha Mstaafu:
Mwenge usiuingize hapa. Mwenge unazindua miradi, na miradi inabaki.

Mwana wa Nyanda za Juu:
Kwetu ulizindua kisima. Ulipoondoka, pampu nayo iliondoka, kwa sababu ilikuwa imeazimwa kwa ajili ya uzinduzi.

Mwalimu wa Zamu:
Sisi tulizinduliwa choo ambacho kilikuwa kimekwishatumika miaka miwili.

Mleta uzi:
Ndugu zangu, ninawasihi turudi kwenye suala. Nani amelipia ziara hii?

Kijiwe cha Stendi:
Mzee, pole kwa yote, lakini sisi bodaboda tuna jambo kubwa zaidi. Tuliahidiwa lita tatu kila mmoja na fedha ya chakula ili tuusindikize msafara kutoka mpakani mwa wilaya hadi uwanjani, tukipiga honi na taa zikiwaka. Tulipofika kituo cha mafuta tukawekewa lita moja, na hiyo ya chakula tukaambiwa itatoka baada ya mkutano. Baada ya mkutano, aliyekuwa na orodha ya majina aliingia kwenye gari la mwisho na kuondoka nao.

Kibaraza cha Magharibi:
Lita moja mlipewa kweli? Kwetu walipita juzi, vijana wakapewa fulana tu na kuambiwa mafuta ni moyo wa kujitolea.

Kijiwe cha Stendi:
Fulana na sisi tulipewa, zote za saizi ya mtoto. Huyo mwenye orodha mnamjua, ndiye yule wa miwani myeusi anayejiita mratibu wa kanda. Simu yake ameizima. Mwenye namba yake nyingine aniandikie faragha usiku huu, kwa sababu pikipiki si yangu, na tajiri anataka hesabu yake ya siku nzima.