Naomba ushauri: Baba anaogopa kufa kwa ajili ya shamba la zabibu, na kaka zangu wanamsomea Waefeso

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Shalom wapendwa. Mimi ni Mwanglikana, ninaishi Dodoma mjini, na wazazi wangu wako kijijini upande wa Hombolo. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo nimeshindwa kulibeba peke yangu.

Baba ana miaka 79 na moyo wake umechoka. Tumeambiwa tumtunze nyumbani. Mwaka 1998 kaka yake mkubwa alifariki, akaacha mjane na shamba la zabibu la ekari moja na nusu. Baada ya matanga, kikao cha ukoo kilimkabidhi baba shamba lile kwa sababu mjane hakuwa na mtoto wa kiume, na mama mkubwa akarudi kwao Manyoni na nguo zake tu. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika mavuno ya shamba hilo, na kuliandika hili kunaniuma.

Tangu Kwaresima baba halali usiku. Anataka shamba lirudishwe kwa mwenyewe, lakini papo hapo anasema hata likirudishwa halitatosha, kwa kuwa mavuno ya miaka yote hii hayarudi tena, na kwamba Mungu atamwuliza. Kaka zangu, ambao ndio wanaolilima sasa, wanamsomea Waefeso 2:8-9 kila jioni: “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani.” Wanamwambia kwamba alikwisha kutubu, damu ya Yesu imefuta yote, na kulirudisha shamba ni kutaka kununua wokovu kwa matendo. Mhubiri mmoja aliyekuja kumwombea aliwaunga mkono. Wakiondoka, baba hufungua Yakobo 2:24, panaposema mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake, “si kwa imani peke yake,” na kulia.

Je, kurudisha shamba ni kununua wokovu? Na nimwambie nini mzee anayeamini kwamba hata akilirudisha hataokoka?

Mchunga Zamu

Pole sana, dada. Waambie kaka zako wasiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu “tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo.” Ni pumzi ileile ya Paulo, na anayeikata katikati anajua kwa nini anaikata.

Mwinjilisti Mstaafu

Binti yangu, nimehudumu vijijini kwa miaka mingi na nimekutana na hofu ya baba yako zaidi ya mara moja, kwa hiyo uniwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Paulo na Yakobo hawajibu swali moja. Katika Warumi na Wagalatia Paulo anashughulika na watu waliotaka waamini wa Mataifa watahiriwe na kuishika sheria ndipo wahesabiwe kuwa watu wa Mungu, ndiyo maana Warumi 3:28 inasema mwanadamu huhesabiwa haki “kwa imani pasipo matendo ya sheria.” Yakobo anasema na watu waliokwisha kuingia kanisani, ambao wakimwona ndugu yao hana nguo wala chakula humwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wasimpe kitu. Kwa watu wa namna hiyo anasema hata mashetani huamini na kutetemeka. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, lakini Paulo anakaa kwenye Mwanzo 15, alipoamini ahadi akahesabiwa haki, na Yakobo anakwenda hadi Mwanzo 22, alipomtoa Isaka. Kati ya sura hizo mbili imepita miaka mingi. Imani ilitangulia, kisha ikaonekana.

Maneno “imani peke yake” ambayo kaka zako wanayategemea yanapatikana mahali pamoja tu katika Biblia, ndipo hapo Yakobo 2:24, na yametanguliwa na neno “si”. Martin Luther, Mjerumani aliyeongoza Matengenezo ya Kanisa, ndiye aliyeongeza neno “peke” katika Warumi 3:28 alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, na alikuwa na sababu zake za kulitetea. Hata hivyo, Luther huyohuyo, katika utangulizi wake wa Warumi wa mwaka huohuo, aliandika kwamba imani ni kitu hai chenye shughuli, kisichoweza kukaa bila kutenda mema. Anayemtumia Luther ili abaki na shamba la mjane hajamsoma.

Mkatoliki wa Miyuji

Watu hudhani sisi Wakatoliki tunafundisha kujinunulia mbingu, kwa hiyo naomba niseme jambo moja. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, katika tamko lake la mwaka 1547, ulisema wazi kwamba hakuna kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini huko Augsburg tamko la pamoja juu ya jambo hili, Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006, na Waanglikana wakaukubali msingi wake mwaka 2016. Kwetu kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, hakifuti wajibu wa kurudisha kilichochukuliwa, lakini shamba halirudishwi ili Mungu asamehe. Linarudishwa kwa sababu ni la yule mama.

Mlokole wa Chang'ombe

Ninawaheshimu wote, lakini nina hofu moja. Mkimjaza mzee habari za shamba, atakufa akilitazama shamba badala ya msalaba. Mwizi aliyesulubiwa hakurudisha chochote, naye aliambiwa “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Mzee akifa kesho kabla ya kurudisha, mtamwambia nini?

Mwinjilisti Mstaafu

Hofu yako ni ya haki, na hilo lazima aambiwe: akifa leo usiku huku ameshika ahadi ya Kristo, anakwenda kwa neema. Lakini mikono ya mwizi yule ilikuwa imepigiliwa misumari. Ya huyu mzee ingali huru, na ndani yake kuna shamba.

Mkulima wa Mpunguzi

Mimi si mtaalamu wa maandiko, ninalima zabibu. Ukikata tawi likabaki limening'inia kwenye waya, siku ya kwanza majani yake yanaweza kukudanganya kwamba lingali hai. Siku chache baadaye jua la huku kwetu linakupa jibu. Sijawahi kuona tawi likizaa ili lipate kuungwa kwenye shina. Linazaa kwa kuwa limeungwa. Ibara ya 12 kati ya zile 39 za Kanisa letu la Anglikana inasema hivyohivyo: matendo mema hayawezi kuondoa dhambi, lakini hutoka katika imani ya kweli, nayo imani hujulikana kwa hayo kama mti kwa matunda yake. Kwa maoni yangu, baba yako kukosa usingizi kwa ajili ya mjane ni dalili kwamba shina bado linapeleka maji.

Karani wa Kijiji

Mfanye makabidhiano kwa maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji, mzee akiwa hai na mwenye akili timamu. Asipofanya hivyo, kaka zako watalipinga baadaye.

Binti wa Hombolo (mleta uzi)

Ninawashukuru nyote. Jumapili nilikwenda nyumbani, nikakaa na baba peke yetu chini ya mbuyu, nikamsomea habari za Zakayo katika Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Nilidhani atakwama kwenye ile “mara nne”, kwa kuwa hana cha kulipa mara nne. Akanisimamisha na kuuliza: “Hayo ya kurudisha Zakayo aliyasema Bwana akiwa bado yuko njiani, au amekwisha kusema atashinda nyumbani mwake?” Tukarudi juu tukasoma tena. Bwana alikuwa amekwisha kusema. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Kwa hiyo alianza kuja yeye.”

Usiku ule alilala hadi alfajiri. Asubuhi aliwaita kaka zangu akawaeleza uamuzi wake. Mmoja ameukubali, mwingine ameondoka kwa hasira na bado hapokei simu yangu. Mama mkubwa nimempata kwa simu. Alinyamaza, akauliza kama mizabibu ya upande wa mtoni ingali hai. Jumamosi ninakwenda Manyoni kumchukua.