MREJESHO: Mdogo wangu aliyetaka kusomea kilimo cha bustani

Habari zenu wakuu. Mwaka jana niliomba ushauri: mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, anataka kusomea kilimo cha mboga na matunda, mzee anasema jembe halisomewi. Wengi mlisema aende, ila achague chuo chenye shamba la mafunzo. Tulifanya hivyo, nawashukuru sana.

Sasa yuko likizo hapa Dodoma. Juzi aliingia kwenye zabibu za mzee na mkasi wa kupogolea. Akashika tawi, akahesabu macho mawili (pale panapochipua) kutoka chini, akakata kwa mshazari juu kidogo ya jicho la pili. "Maji yasituame kwenye kidonda, baba." Mzee miaka yote huacha matawi marefu, anavuna majani mengi na vishada vidogo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mkasi ule unauzwa bei gani. Nilifurahi mno!

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, hivyo anatandaza mipira ya kumwagilia kwa matone kwa ajili ya nyanya. Miche ina wiki tatu kwenye trei.

Kilichobaki ni nafasi ya mazoezi kazini. Shamba moja limemzungusha miezi miwili. Mwenye kujua linalopokea wanafunzi, naomba anishtue.