Mzee amekataa kabisa mashine ya kupukuchua mahindi, nifanyeje?

kijana_wa_mlimani (Kapchorwa)

Wadau habari zenu. Naombeni ushauri maana hili jambo limeninyima usingizi. Niko Kapchorwa, nyumbani tunalima mahindi kama eka nne, na huku juu mahindi yanakaa shambani muda mrefu, tunapanda mwezi wa tatu wa nne tunavuna mwezi wa kumi na moja, mara moja kwa mwaka basi. Kwa hiyo kazi ya kupukuchua inatuangukia yote kwa mpigo. Baba ana kitanda chake cha miti alichojenga mwenyewe, tunamwaga mahindi pale tunapiga na fimbo, wiki mbili mpaka tatu, na wanaoumia zaidi ni mama na dada zangu. Mwaka jana mkono wa mama ulivimba hadi akashindwa kushika kikombe cha chai.

Sasa mimi na kaka yangu tukachanga pesa tukanunua mashine, ile ya injini ndogo ya petroli. Ilipofika mzee akaizunguka mara mbili, hakuigusa, akasema "hiyo inakula mahindi" akaenda zake kwa ng'ombe. Siku moja tukaiwasha yeye yuko, akachota punje kwenye beseni akazitandaza kwenye kiganja, akaanza kututolea zilizovunjika moja moja huku anahesabu kwa sauti. Kuanzia hapo mashine iko stoo na sisi tumerudi kwenye fimbo. Sitaki kumkosea heshima, shamba ni lake na ndilo lililotusomesha. Nani kapitia hii?

mama_watatu (Tororo)

Pole sana mwanangu. Usimsukume. Baba yangu alikataa bomba la kupulizia dawa miaka na miaka, anasema jivu linatosha, mpaka ule mwaka wa 2017 viwavijeshi vamizi walipotuingilia, unafungua jani la katikati unamkuta amejificha ndani anakula. Leo lile bomba analiosha mwenyewe mara tatu na hakuna mtoto anayeruhusiwa kulibeba.

bweyale_mkulima

Kaka kabla ya yote nikuulize, mahindi mliyopitisha siku ile yalikuwa yamekauka kweli? Maana mimi naona mzee wako hakukosea, alichokiona kiganjani kilikuwepo. Mahindi mabichi ukiyapitisha kwenye mashine yanapasuka, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa wadudu na ukungu, ukungu ndio unaleta sumukuvu, halafu mnunuzi akiingiza mkono kwenye gunia akakuta vipande anashusha bei au anakuambia rudi nayo nyumbani.

Nikupe ya kwangu. Sisi huku Kiryandongo tunavuna mara mbili, na shida ni kwamba mavuno ya kwanza yanaangukia mwezi wa saba wa nane, mvua ya pili nayo inaanza kunyesha, kwa hiyo kukausha ni vita. Baba yangu yeye anapima ukavu kwa meno. Anachukua punje anaiweka kwenye gego, anauma, anasikiliza. Ikilia kach anasema tayari, ikibonyea anasema rudisheni juani. Nilipomletea mashine akakataa kama wako, akasema vijana mna haraka, mtapukuchua maji.

Nilichofanya sikubishana naye. Nikachukua chupa ya glasi kavu, nikatia punje kama theluthi ya chupa na chumvi kavu vijiko viwili vitatu, nikafunga nikatikisa nikaiacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa ujue unyevu bado uko juu, zaidi ya asilimia 15 hivi, isipoganda umefika pazuri. Nikamwambia baba uma kwanza wewe useme, halafu tuangalie chupa. Tukafanya kwa mafungu matano, ya juu ya turubai, ya pembeni, ya chini kabisa ya rundo. Kaka, meno yake yalikubaliana na chupa mara zote tano! Mzee alinyamaza kidogo, akachukua ile chupa akaenda kumwonyesha mama. Kuanzia hapo yeye ndiye anayesema lini mashine iwashwe, hakuna anayevuta kamba ya injini kabla hajauma. Na mashine anaipenda sasa kupita mimi niliyeinunua, nikichelewa kuirudisha kutoka kwa jirani ananipigia simu.

Kwa hiyo mrudishie mzee kazi yake. Amepima mahindi kwa meno miaka arobaini halafu nyinyi mnawasha injini bila kumuuliza kama yamekauka.

kijana_wa_mlimani

Dah. Kweli hatukumuuliza. Na yale mahindi tuliyatoa upande wa kivuli, nilikuwa na haraka ya kumwonyesha. Asante sana ndugu yangu.

emong_soroti

Naongeza kidogo. Kwetu Teso vita yetu ilikuwa trakta. Baba yangu ni mtu wa plau ya ng'ombe, na mkumbuke plau yenyewe haikuwa ya babu zetu wa zamani, iliingia huku na pamba mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini kwake ndiyo asili. Ng'ombe wake walichukuliwa wote wezi wa mifugo walipovamia mwishoni mwa miaka ya themanini, familia nyingi za Teso zilibaki bila hata ndama. Alilima kwa jembe la mkono miaka, akanunua dume mmoja, kisha wa pili, polepole. Sasa mtoto unakuja kumwambia achana na ng'ombe kodi trakta, anakuelewa vipi? Mimi nilichelewa sana kuliona hilo.

Na alikuwa na hoja zake, anasema trakta itang'oa miti yangu ya shea na diski itavunjikia kwenye visiki nani atalipa. Tulichokubaliana ni trakta ndogo ya magurudumu mawili ile unaishika mikono unatembea nyuma yake. Inapita kati ya miti. Siku ya kwanza aliishika mwenyewe na mdomoni anapiga ule mluzi wa kuwaongoza ng'ombe! Ng'ombe bado wapo, anapalilia nao, na hilo hatumgusi.

fundi_mashine_busia

Mimi ndio kazi yangu hizi. Mkiwasha tena punguzeni mwendo wa injini, wengi wanafungua mafuta yote wakidhani ndiyo kasi ya kazi, ngoma ikizunguka sana hata mahindi makavu yanapasuka. Lisha kwa mfululizo usiache tumbo la mashine tupu. Na mzee asisogee karibu na mkanda na lile koti refu la wazee, nimeona mkono ukivutwa. Mkanda uwekeeni kifuniko.

kijana_wa_mlimani

Wadau narudi na habari, wiki tatu zimepita. Nilimwomba baba radhi kwanza. Nikamwambia mahindi nilitoa kivulini na sikukuuliza. Akasema "nilijua." Tukaanika upya siku sita juu ya turubai, akauma, tukatia chupa chumvi, kavu kabisa. Tukapunguza mwendo kama fundi alivyosema. Mzee akachota tena akatandaza kiganjani, safari hii akatafuta weee, akatoa vipande vitatu tu. Akanipa zile punje akaenda kuvua koti.

Tumemaliza siku mbili. Mama alikuwa anakusanya magunzi ya kupikia, mkono mzima. Kitanda cha miti baba hajakibomoa, ameanika maharage juu yake. Majirani wawili wameomba mashine, amekwenda nayo yeye, amenunua daftari anaandika magunia na saa aliyowasha na aliyozima. Sasa fundi, jana usiku ameniamsha anauliza oili inabadilishwa baada ya masaa mangapi, mimi sikuwa na jibu.

fundi_mashine_busia

Injini nyingi ndogo za petroli oili ya kwanza mwageni baada ya masaa 20. Baada ya hapo vitabu vingi vinasema 100 lakini kwa vumbi la mahindi msisubiri, fanyeni 50. Filta ya hewa ipigwe vumbi kila jioni. Mwambie mzee shikamoo, na hilo daftari asiliache.